Barua kwa Mwanangu: Kati ya Bandia na Kughushi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Dodoma imenifikia. Unasema uliandika "cheti bandia" katika taarifa, mkuu wako akafuta na kuweka "cheti cha kughushi", nawe unauliza kama maneno hayo si mamoja.

Si mamoja. Utotoni ulikuwa ukibeba mgongoni mtoto wa bandia niliyekushonea kwa vitambaa, na kamusi humwita mwanasesere huyo bandia vilevile. Hakuna aliyedanganyika naye. Neno hili hueleza kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kingine, liwe lengo jema au baya: meno ya bandia ya bibi yako ni halali, noti bandia ni jinai. Hata taa za wavuvi wa dagaa zinazotapakaa ziwani usiku ni mwezi wa bandia, ndiyo maana mwezi wenyewe ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawavutiwi na taa wakati maji yote yanang'aa. (Dagaa wangeulizwa, nadhani wangechagua neno kali zaidi.)

Kughushi ni kitendo, na kitendo kina mtendaji mwenye nia. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kudanganya, hasa kwa kuchanganya kitu kizuri na kibovu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 333, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa katika uhakiki wa vyeti, mitaani na magazetini ilisemwa "vyeti feki". Neno hilo ni jepesi kinywani, lakini mimi nisingeliweka katika taarifa ya ofisi. Mtu anayejifanya fundi naye haitwi bandia, huitwa kishoka.

Basi, ikiwa ulichothibitisha ni kwamba cheti hakikutolewa na chuo kinachotajwa, bila kujua ni nani aliyekitengeneza, neno lako lilikuwa sahihi, na la mkuu wako limeutangulia ushahidi. Mweleze kwa adabu, mkiwa wawili tu.

Mama yako