Mfuko wa Chakula Ukipanda Kifuani: Ya Kujua Kabla ya Upasuaji

Ngiri ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, si ya aina moja. Iliyozoeleka ni ile ya kuteleza: maungio ya umio (mrija unaoshusha chakula kutoka kooni) na mfuko wa chakula hupanda na kushuka, kiungulia huja, dawa mara nyingi hutosha. Hapa tunaizungumzia nyingine, ambapo mfuko wenyewe hupenya kando ya umio na kukaa kifuani, pengine karibu wote, pengine na utumbo mpana juu yake.

Wengi wa wagonjwa hawa wamemeza omeprazo kwa miaka wakiambiwa wana vidonda vya tumbo. Omeprazo hupunguza asidi, haishushi mfuko. Ukishiba kwa matonge machache, kifua kikauma baada ya kula, au pumzi zikakatika ukiinama, omba endoskopi (kumulikwa ndani kwa kamera) na eksirei ya kunywa bariamu, dawa inayoonekana kwenye picha. Hata upungufu wa damu usioeleweka unaweza kutokea huku: mfuko husuguana na kingo za tundu la kiwambo, michubuko ikavuja damu kidogo kidogo, huku mgonjwa akiongezewa tu vidonge vya madini ya chuma.

Asiye na dalili, hasa mzee, anaweza kufuatiliwa bila kisu, kwani uwezekano wa dharura ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Mwenye dalili apangiwe upasuaji mapema. Lakini maumivu makali ya chembe ya moyo, kujikakamua kutapika bila kitu kutoka, na mrija wa puani kugoma kupita ni ishara alizozieleza daktari mpasuaji Borchardt mwaka 1904: mfuko umejisokota. Hapo hakuna kungoja kupambazuke.

Kwa kawaida kazi hufanywa kwa matundu madogo 5, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, kichwa kimeinuliwa. Kosa la kwanza ni kuukamata mfuko na kuuvuta: huchanika, na usipochanika hurudi juu. Kinachoshushwa ni kile kifuko cha utando kilichouzingira. Hukatwa ukingoni mwa tundu, kisha hubanduliwa taratibu kutoka kifuani, neva mbili za vagasi, zinazoongoza kazi ya mfuko, zikilindwa. Utando wa pafu ukitoboka, gesi iliyopulizwa tumboni kwa ajili ya upasuaji huingia kifuani. Mtoa usingizi aambiwe papo hapo na presha ya gesi ipunguzwe.

Halafu umio. Sentimita 2 hadi 3 za mwisho zikae tumboni bila kuvutwa. Zisipofika, daktari aendelee kuuachanisha juu zaidi. Ukibaki mfupi bado, hurefushwa kwa kipande cha mfuko. Anayeharakisha hapa atashona vizuri na ngiri itarudi.

Misuli ya kiwambo hushonwa nyuma ya umio kwa nyuzi zisizoyeyuka, kisha sehemu ya juu ya mfuko huzungushwa kuuzingira umio, digrii 360 au 270. Kuhusu wavu wa kuimarisha mshono wa kiwambo, uliza mapema. Katika utafiti wa Oelschlager na wenzake uliotolewa mwaka 2006, wavu wa kibayolojia ulishusha kurudi kwa ngiri hadi asilimia 9 dhidi ya 24 baada ya miezi 6. Walipofuatiliwa kwa miaka, ikawa 54 dhidi ya 59. Wavu wa plastiki nao unaweza kula umio. Kwa maoni yetu, usiwe wa kila mgonjwa. Na ngiri ndogo inayorudi kwenye picha bila dalili haihitaji kisu tena.

Dawa ya kichefuchefu itolewe kabla hujaamka, maana kutapika siku za kwanza hufumua nyuzi. Anza na vimiminika, kisha uji, mtori na viazi vya kuponda kwa wiki 4 hivi. Nyama choma, chapati na mkate hukwama kwa sababu umio bado umevimba. Soda acha: kubeua kutakuwa kugumu. Ndoo ya lita 20 usiiguse kwa wiki 6.

Homa, moyo kwenda mbio na maumivu ya kifua siku hizo za mwanzo vichukuliwe kuwa umio umetoboka hadi picha ithibitishe vingine, na picha hiyo ipigwe siku hiyohiyo.