Maswali ya Wasomaji: Kuigiza Papo Hapo Yaliyompata Mtazamaji

*Ndugu mhariri, sisi ni vijana saba wa Morogoro. Tunataka kujifunza yale maigizo ambayo mtazamaji anasimulia jambo lililompata, na waigizaji wanaliigiza hapo hapo bila mswada. Tuanzie wapi?*

Saba mnatosha: waigizaji watano, mpiga muziki mmoja, na mwongozaji atakayezungumza na msimulizi. Mtindo huu, uitwao kwa Kiingereza Playback Theatre, ulianzishwa mwaka 1975 na Jonathan Fox na Jo Salas katika jimbo la New York, Marekani, na mpangilio wake wa jukwaa ni mwepesi. Viti viwili, cha mwongozaji na cha msimulizi, vikae kushoto kwa mtazamaji, vikielekea jukwaani kwa mshazari. Mpiga muziki akae upande wa pili; kayamba na ngoma ndogo vinatosha. Waigizaji wakae nyuma, juu ya masanduku, wakiitazama hadhira.

Tafuteni vitambaa sita hivi vya rangi moja moja, vya mita mbili hadi tatu. Kaniki inafaa sana: ikitandazwa ni mto, ikikunjwa ni mtoto mchanga, ikivutwa na watu wawili ni njia iliyozibwa. Kanga ziacheni nyumbani. Kanga ina jina, na mtazamaji akishasoma "Japo sipati tamaa sikati" kwenye sanda ya marehemu, simulizi imeshamtoka.

Wiki za mwanzo msiguse simulizi ndefu. Fanyeni sanamu hai. Mtu anasema, "Leo nimechoka kusubiri daladala." Mwigizaji wa kwanza anaingia na tendo moja na sauti moja, anayarudia. Baada ya sekunde tano hivi anaingia wa pili na kitu tofauti, kisha wa tatu, mpaka wote. Wanaganda, wanamgeukia msimulizi. Yote hayo yasizidi dakika moja. Kosa la wanaoanza ni kuigana: watu watano wakipiga miayo ni picha ile ile mara tano. Katika kuchoka kule kuna hasira, kuna aibu ya kuchelewa kazini, kuna nauli inayohesabiwa mfukoni. Kila mmoja achukue lake.

*Tukimaliza kuigiza, msimulizi anasema, "Haikuwa hivyo." Tunakosea wapi? (Kundi la Kilifi)*

Mara nyingi kosa limeanzia kwenye mahojiano. Mwongozaji anahitaji mambo machache tu: ilikuwa wapi, lini, nani walikuwepo, mwenyewe alijisikiaje, iliishaje. Msimulizi achague mwigizaji wa kuwa yeye. Aliyechaguliwa asimame mara moja na aendelee kusikiliza akiwa wima. Kila mhusika aombewe neno moja. "Mama mkwe alikuwaje siku ile?" "Mkimya." Neno hilo lina kazi kubwa kuliko maelezo ya dakika tano. Mwongozaji afupishe simulizi kwa sentensi mbili, aseme, "Tutazame." Kuanzia hapo hakuna kunong'onezana wala kugawana kazi. Muziki unapigwa, waigizaji wanajipanga kimya, muziki unakatika, mnaanza.

Kosa la pili ni kupenda kicheko. Tuseme mama anaeleza alivyochelewa maziko ya baba yake: basi liliharibika njiani, akafika watu wakikung'uta udongo mikononi. Waigizaji wachanga watajenga basi, konda, tairi na abiria wenye vituko, hadhira icheke, na ule udongo upewe sekunde kumi za mwisho. Lakini sauti ya mama ilibadilika alipotaja udongo. Hapo ndipo pa kukaa. Basi lipite haraka, mikono ikung'utwe polepole. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa simulizi nzima.

Mkimaliza, simameni mmtazame msimulizi. Mwongozaji amuulize ameona nini kinachofanana na chake. Akisema mmekosea, msijitetee. Mwombeni aeleze, mrudie sehemu ile.

*Mtu akilia je? (Msomaji wa kike, Mombasa)*

Mpe muda, dada. Usimharakishe wala usimchimbe. Kinga yenyewe inaanza mapema: kabla ya simulizi ya kwanza, mwongozaji awaambie watu kwamba majirani wanasikia, kwa hiyo kila mtu asimulie kile tu anachoweza kukisema mbele yao, na asitaje majina ya wengine. Simu zisirekodi bila ridhaa ya msimulizi. Anzeni na mambo mepesi ya siku hiyo, na awepo mtu aliyejiandaa kutoka nje na aliyezidiwa. Msimulizi akitaka kusimamisha, simamisheni hapo hapo.

*Kuna tofauti gani na igizo la jukwaa la mjadala (forum theatre) la Augusto Boal? (Mwalimu, Dodoma)*

Kwa Boal, mwanatamthilia wa Brazili, mtazamaji anasimamisha igizo, anapanda jukwaani na kujaribu kubadili mambo. Hapa mnarudisha kile mlichopewa. Mwalimu, usichanganye hayo mawili katika onyesho moja: aliyetoka kusimulia msiba wake asije akakaa kusikiliza watazamaji wakimfundisha alichopaswa kufanya.