Mahakama za Juu za Nordiki na katiba zao: maswali yenu

Hivi huko wana mahakama ya katiba kama Ujerumani?

Hapana, hakuna hata nchi moja. Norwei, Uswidi, Denmark, Ufini, Aisilandi, kote kesi ya katiba inaanzia mahakama za kawaida kama kesi nyingine yoyote na mwisho wake ni Mahakama ya Juu (Uswidi na Ufini, kesi za utawala zinaishia Mahakama ya Juu ya Utawala). Na jaji akikuta sheria inapingana na katiba haifuti, anakataa tu kuitumia kwenye kesi iliyo mbele yake.

Ni kweli majaji wa Denmark wanaliogopa bunge?

Wanaliachia bunge nafasi kubwa mno, mimi naona imezidi. Katiba yao ya kwanza ni ya 1849 na mpaka leo sheria ya bunge iliyokwama kabisa kwa sababu ya katiba ni moja tu, kesi ya Tvind, Februari 1999. Bunge lilitunga sheria ya kuzinyima ruzuku shule kadhaa za mtandao wa Tvind, tena zikatajwa kwa majina humo humo kwenye sheria, na njia ya kwenda kulalamika mahakamani ikazibwa. Mahakama ikasema hiyo sio kutunga sheria tena, hiyo ni kuhukumu, na kifungu cha 3 cha katiba kazi ya kuhukumu kimewapa majaji.

Katiba ya Norwei ni ya 1814, sasa majaji wanaisomaje leo?

Hapa ndo patamu. Mamlaka ya kukagua sheria hayakuandikwa popote mwanzoni, majaji waliyajenga wenyewe kesi kwa kesi tangu karne ya 19, na bunge limekuja kuyaandika kwenye katiba 2015, kifungu cha 89. Kipimo wanachotumia kilitoka kwenye kesi ya Kløfta, 1976, iliyohusu fidia ya ardhi: ikiwa sheria inagusa uhuru wa mtu binafsi mahakama inaikagua kwa ukali, ikiwa ni mgawanyo wa madaraka kati ya bunge na serikali inaliachia bunge zaidi, na mambo ya mali na uchumi yanakaa katikati. Halafu wanachimba sana ripoti na mijadala ya bunge ya wakati kifungu kinatungwa, wajue kilikusudia nini.

Kesi ya tabianchi Desemba 2020 ilionyesha ubaya wa kuliachia bunge hivyo. Wanaharakati walipinga leseni za mafuta Bahari ya Barents wakitumia kifungu cha 112 kinacholinda mazingira, wakashindwa, maana mahakama ilisema itaingilia uamuzi wa bunge pale tu litakapokuwa limepuuza wajibu wake vibaya sana. Hapo kweli mwananchi wa kawaida atathibitisha vipi?

Uswidi na Ufini si ni wale wale?

Wanakaribiana ila kuna tofauti. Uswidi zamani sheria ilikataliwa pale tu kosa lilipokuwa wazi kabisa, sharti hilo wakaliondoa 2011. Ufini bado wanalo, kifungu cha 106, kwa sababu kazi kubwa inafanywa mapema na kamati ya sheria ya katiba ndani ya bunge, muswada unakaguliwa kabla haujapita. Ila 2022 Mahakama ya Juu ya Ufini ilikitumia hicho hicho kuwaachia Wasami, watu wa asili wa kaskazini ya huko, waliokuwa wameshtakiwa kwa kuvua kwenye mto wa kwao.

Serikali inatii hukumu lakini?

Mara nyingi ndio, ila angalieni kesi ya Fosen, eneo moja la Norwei. Oktoba 2021 majaji 11 wote walikubaliana kwamba vibali vya mitambo ya umeme wa upepo ni batili, vimevunja haki ya utamaduni ya Wasami wanaofuga mifugo yao huko, haki iliyo kwenye mkataba wa kimataifa ambao Norwei wameuingiza kwenye sheria zao. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wakaziba milango ya wizara Oslo, ndo serikali ikaomba radhi, makubaliano na wafugaji wa kusini mwa Fosen yakaja Desemba 2023, wa kaskazini Machi 2024, na mitambo yenyewe haikubomolewa.