Garanti ya miezi 6 na pesa ya kuona nyumba: najibu maswali yenu

*Mwenye nyumba mu Katuba, Lubumbashi, ananiomba garanti (pesa ya kumuwekea mbele ya kuingia) ya miezi 6. Iko na haki?*

Hapana mama, hana haki. Sheria ya Kongo (RDC) namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inasema nyumba ya kulala, garanti haipite miezi 3. Najua venye inakuwaga, unamuambia sheria anakujibu acha basi, bengine banangoja, na weye uko na batoto na mvula inaanza, mwisho unatoa tu, na ile inaniuma sana. Lakini muambie mbele ya mutu mwengine, akikatala uende ku serivisi ya habitat (ofisi ya mambo ya nyumba) ya komini, njo kazi yabo kusikilizisha mwenye nyumba na mupangaji. Na hata ulipe ngapi, omba karatasi yenye iko na jina, tarehe, saini na neno garanti, bila ile siku ya kutoka atasema ilikuwa pesa ya nyumba ya kila mwezi.

*Komisioneri, mwenye ananitafutia nyumba, ananilipisha dola 5 kila nyumba tunaenda kuona, na zote ni mbovu.*

Acha kulipa, ndugu. Mwenye anakulia pesa ya kuona hana haraka ya kukupatia nyumba. Mupatane komisio yake mu maandishi, aipate siku umeshika funguo.

*Dada yangu iko Buffalo, Marekani, banamuomba dola 75 ya dosie, ya kumuchunguza mbele ya kumupangisha.*

Jimbo la New York liliweka mupaka tangu 2019: dola 20, ao bei kamili ya kuchunguza deni zake na mambo ya polisi kama ni chini ya ile. Tena bamupatie kopi ya ripoti na fakture, bila ile habaombe kitu. Kama yeye mwenyewe analeta ripoti yenye haiyapita siku 30, halipi hata senti. Asifikiri ni vile kila fasi, majimbo mengine ya kule iko na sheria zake. Mu Uingereza, upande wa England, tangu tarehe 1 juni 2019 habaruhusiwe kabisa kulipisha mupangaji dosie.

*Nimetoka mu nyumba, garanti hairudi, anasema niliharibu rangi.*

Muliandika hali ya nyumba siku ya kuingia? Kama ndiyo, uende nayo ku habitat na risiti yako. Kama hapana, tafuta picha za zamani mu telefone, hata za anniversaire ya mutoto, ukuta unaonekanaka nyuma, na jirani mwenye aliona akusindikize.