Task Scheduler na umeme wa kwetu: pitia masharti kabla hujaiachia kazi

Ndani ya Windows kuna chombo kinaitwa Task Scheduler. Kazi yake ni kuendesha programu kwa saa uliyopanga, au pale tukio fulani linapotokea, mfano mtu akiingia kwenye akaunti yake. Hakina malipo wala hakihitaji bando. Wenzangu wengi wenye steshenari na ofisi ndogo hawajawahi kukifungua, na waliowahi wengi wao wamekikatia tamaa: "Nilipanga bakapu, ikafanya kazi siku mbili ikaacha." Mara nyingi haijaharibika kitu. Chombo kimetengenezwa kikiamini kwamba umeme upo na kompyuta iko wazi saa zote.

Nianze na bakapu yenyewe, yaani nakala ya akiba ya mafaili, maana ndiyo kazi inayonilipa zaidi hapa dukani. Vitabu vya mauzo, orodha ya wadeni na kazi za wateja vyote viko kwenye folda moja. Fungua Notepad uandike mstari huu wa robocopy, amri ya Windows ya kunakili folda (hiyo /E inaiambia ichukue na folda zote za ndani):

robocopy "C:\Duka" "R:\Bakapu\Duka" /E /R:2 /W:5 /LOG+:"C:\Kumbukumbu\bakapu.txt"

Hifadhi kwa jina bakapu.bat, na mahali pa aina ya faili chagua "All files", la sivyo utapata bakapu.bat.txt ambayo haiendi popote. Folda ya Kumbukumbu itengeneze mwenyewe kwanza. Hiyo /R:2 usiiache: bila kuambiwa, robocopy ikikwama kwenye faili moja hujaribu tena mara milioni moja, na kila mara husubiri sekunde 30. Herufi R nayo ina sababu. Diski ya nje ukiichomeka leo inaitwa E, kesho kuna flashi ya mteja imetangulia, inageuka F, na bakapu haijui iende wapi. Ingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uipe diski yako herufi ya mbali isiyogombaniwa.

Mtandaoni utakuta wanashauri /MIR badala ya /E. Mimi sishauri. /MIR hufuta kwenye bakapu kila kisichokuwepo tena kwenye folda ya asili, kwa hiyo kijana akifuta daftari la wadeni kwa bahati mbaya mchana, jioni na bakapu yake inafutwa. Hata /E haikuokoi kwenye kila kitu, kwani faili likiharibika, lililoharibika hulifunika zima. Ndiyo maana nina kazi ya pili ya Ijumaa tu, inayopeleka kwenye folda nyingine.

Sasa kupanga. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, kisha chagua "Create Task". Ile "Create Basic Task" ni nyepesi, lakini inakuficha vichupo viwili ambavyo kwa mazingira yetu ndiyo roho ya jambo zima.

Kichupo cha kwanza ni "Conditions". Humo utakuta tayari pana tiki kwenye maneno "Start the task only if the computer is on AC power", na chini yake nyingine inayosema kazi isimamishwe kompyuta ikihamia kwenye betri. Kwa mwenye laptopu maana yake ni kwamba umeme wa LUKU ukiisha saa ya bakapu, bakapu haianzi, na ukiisha katikati, bakapu inakatwa katikati. Ondoa zote mbili. Kunakili faili za ofisi hakumalizi betri.

Cha pili ni "Settings". Tafuta "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Hii yenyewe huja bila tiki, nawe iwekee. Bila hiyo, kompyuta iliyokuwa imezimwa saa ya kazi husubiri hadi kesho yake, na kesho yake ikizimwa tena, basi tena. Ukishaiweka, kazi iliyopitwa hufanyika kompyuta inapowashwa, ingawa usitegemee papo hapo: kwa kawaida huachia kama dakika 10 hivi kwanza. Watumiaji wa Linux msicheke, cron, kipanga kazi chenu, nayo hairudii kazi iliyopitwa. Kwa hilo mna anacron.

Saa nazo ziangalie. Saa 11 na nusu jioni kwa kompyuta ni 17:30, au 5:30 PM. Nimeshaona ofisi ambayo bakapu yao ilipangwa 11:30 PM, wakati mlinzi alishazima kila kitu.

Ukimaliza, bofya kazi yako kwa kitufe cha kulia, chagua "Run", kisha tazama safu ya "Last Run Result". Hapa wengi hushtuka bure. Programu nyingi zikifaulu hurudisha 0x0, ila robocopy ina hesabu zake. 0x0 ni kwamba hapakuwa na kipya cha kunakili, 0x1 ni kwamba faili zimenakiliwa salama, na 0x3 ni kwamba zimenakiliwa na huko bakapu kuna za ziada. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo pana tatizo. Ukiona 0x10, ambayo ni 16, hakuna kilichonakiliwa. Angalia kwanza kama diski imechomekwa.

Kazi nyingine ninayoipenda ni ya kuzima. Kwenye "Actions" programu ni shutdown, na vigezo vyake ni /s /t 600. Kompyuta inatoa taarifa, dakika 10 zikipita inajizima. Ila ukishaweka muda wa kusubiri, amri hii hufunga programu kwa nguvu, na barua ambayo haijahifadhiwa inakwenda nayo. Waambie wote wanaotumia mashine hiyo kwamba aliye bado na kazi afungue dirisha la amri (Command Prompt) aandike shutdown /a, na safari inaahirishwa.

Vipo ambavyo siviachii kompyuta hata kama inaviweza. Ankara za kudai wateja nazituma mwenyewe. Mteja akilipa saa 10 jioni na ankara ya kumdai ikamfikia saa 11, atakayepigiwa simu ni mimi.