Tukienda polisi, FIFA itatufungia?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa shirikisho letu la soka. Hesabu za mwaka tuligawiwa asubuhi ya mkutano: karatasi mbili, bila ripoti ya mkaguzi. Nilipohoji, rais akasema atakayekwenda polisi atatufungisha na FIFA kama Kenya 2022. Sasa kuna mshauri anataka tumchangie apeleke malalamiko yetu makao makuu ya FIFA, Zurich. Tumlipe?

JIBU: Msimpe hata senti. Malalamiko ya maadili FIFA huyapokea kwa fomu ya mtandaoni, bure, hata usipotaja jina. Hakuna mlango wa nyuma unaofunguliwa kwa bahasha ya wajumbe.

Kinachonichosha ni hicho kitisho, maana hakikosekani kila msimu wa uchaguzi. Kilichokatazwa ni mkono wa nje kuliendesha shirikisho. Novemba 2021 Waziri wa Michezo wa Kenya, Amina Mohamed, aliivunja FKF, shirikisho la soka la nchi hiyo, na kuweka kamati yake. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, Harambee Stars wakaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON, na kifungo hakikuisha hadi Novemba. Mtu kukamatwa kwa tuhuma za wizi ni jambo jingine kabisa. Mei 27, 2015 polisi wa Uswisi waliwakamata vigogo saba Zurich, wakiwamo Eduardo Li, rais wa shirikisho la Costa Rica, na Rafael Esquivel wa Venezuela. Nchi gani ilifungiwa? Mwezi uliofuata wanawake wa Costa Rica walikuwa Canada kwenye Kombe la Dunia, na Venezuela wako Chile wakicheza Copa América.

Pa kuwa makini ni mahakama za kiraia: kulishtaki shirikisho kabla ya kumaliza ngazi za ndani kunaweza kuwarudia wenyewe. Mwandikieni kwanza katibu mkuu, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, mkidai ripoti ya mkaguzi wa nje na taarifa ya benki ya akaunti maalumu ya FIFA Forward, yaani ruzuku ya FIFA kwa mashirikisho. Mzunguko wa 2023–2026 unalipa kila shirikisho mwanachama hadi dola milioni 5 za uendeshaji peke yake, kwa hiyo karatasi mbili ni dhihaka. Tafuteni fedha zilizotolewa taslimu na masurufu (fedha za kazi walizotangulizwa watu) yasiyofanyiwa marejesho. Tazameni posho za safari: kwa mfano, orodha ina saini 31, tiketi za ndege 24.

Malalamiko yataje tarehe, kiasi na aliyesaini, nakala ziambatishwe. "Ufisadi uliokithiri" si ushahidi, wala picha za WhatsApp zilizokatwa juu na chini. Ushahidi ukikamilika unauma: Ahmad Ahmad, aliyekuwa rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, alifungiwa miaka 5 Novemba 2020. CAS, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa michezo, ikampunguzia hadi miaka miwili, Machi 2021, na bado hakuweza kugombea uchaguzi wa mwezi huohuo.

Wapenda njia za mkato huumia zaidi kwenye kalenda. Rufaa ya CAS kule Lausanne ina siku 21 tangu mpokee uamuzi wa mwisho, hata ukija kwa barua pepe. Watu hukimbilia mahakama ya wilaya, wakapigwa tarehe miezi mitatu, ndipo wanaleta faili kwa mwanasheria wa michezo. Hapo hakuna wa kuwasikiliza tena. Tangazo la rufaa huambatana na ada ya faranga za Uswisi 1,000, hairudishwi. Hoja kamili hufuata ndani ya siku 10 baada ya zile 21 kwisha.