Ajiunge sasa au asubiri mitihani?

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama binti yako wa miaka 13, mwenye haya, ajiunge na klabu ya vijana sasa au asubiri amalize mitihani. Mimi nasema aanze sasa, hata kama ni mara moja kwa wiki.

Shuleni anasikiliza na kuandika. Klabuni atakabidhiwa kazi: kufuga kuku, kushona, kutengeneza redio. Atapanga bajeti, ataandika matumizi kwenye daftari, kisha atasimama mbele ya wenzake aeleze kilichofanikiwa na kilichoharibika. Hapo ndipo haya hupungua, kwa sababu anazungumzia kitu anachokijua kwa mikono yake. Mpango wa 4-H, yaani klabu za vijana wanaojifunza kwa vitendo, ulioanzia Ohio, Marekani, mwaka 1902, ulikua kwa njia hiyohiyo: wakulima wazima walikuwa wazito kupokea mbinu mpya, vijana wakazijaribu, na wazazi wakajifunza kwao.

Kabla ya kumwandikisha, nendeni wote wawili mkatazame kikao kimoja. Angalia nani anafanya kazi. Kama watu wazima ndio wanaoshika nyundo na vijana wanatazama tu, tafuta klabu nyingine. Uliza pia ada, bima, na kama kuna sheria ya mtu mzima kutobaki faraghani na mtoto mmoja. Wakikwepa swali hilo, ondokeni.

Mradi mwachie achague mwenyewe, tafadhali. Wiki za mitihani apumzike, viongozi wazuri huelewa.